Kinyago cha Lafudhi: Benson Wanjau na Mhusika Mzee Ojwang'

Historia ya tamthilia ya Kiswahili imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na vitabu. Ebrahim Hussein amehakikiwa tena na tena kwa kuwa Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971, na mwanafunzi anaweza kuzishika tamthilia hizo mkononi, akazinukuu na kuzitolea hoja. Mchekeshaji wa televisheni hana bahati hiyo. Maneno yake hupotea hewani pamoja na kicheko kilichoyapokea, na mhakiki asiyekuwa na ukurasa wa kurejelea huona ni salama kunyamaza. Hivyo ndivyo Benson Wanjau, aliyefahamika Kenya nzima kwa jina la Mzee Ojwang', alivyoachwa nje ya taaluma iliyodai kuichunguza sanaa ya maonyesho ya Kiswahili.

Wanjau alizaliwa mwaka 1937 na kufariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Jina lake lilikua kupitia Vitimbi, na alionekana pia katika Vioja Mahakamani, michezo iliyotangazwa na shirika la serikali lililoitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989, lilipogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Kabla ya kizazi chake, Kipanga na Mzee Pembe walikuwa wamekwisha kuizoesha hadhira ya Kenya kichekesho kifupi cha Kiswahili. Wanjau hakubuni utanzu. Aliurithi, na mchango wake uko kwingineko.

Mchango huo unaanzia kwenye jambo linaloelezeka kwa sentensi moja: Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Ojwang' alikuwa Mjaluo. Si kwa jina tu (ingawa hata jina lenyewe magazeti yamezoea kuliandika bila kibainishi, yakaigeuza /ng'/ kuwa /ng/), bali kwa ulimi. Msemaji wa Kijaluo, ambaye lugha yake ya kwanza haina /sh/ wala /z/, akizungumza Kiswahili huelekea kusema "sauri" panapostahili "shauri", na "samba" panapostahili "shamba". Msemaji wa Kikuyu ana alama zake tofauti kabisa. Yeye huponzwa na /l/, inayogeuka /r/, na huitanguliza nazali mbele ya /b/, /d/ na /g/, hata dawa ikawa "ndawa". Mwigizaji aliyelelewa katika lugha ya pili na kumwigiza msemaji wa ya kwanza ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzificha alama za ulimi wake mwenyewe, na kuzivaa za mwingine bila kuzidisha. Akizidisha, hadhira husikia dhihaka. Akipunguza, kinyago hudondoka. Wanjau alikivaa kinyago hicho kwa miaka mingi, na baadhi ya watazamaji hawakujua kamwe kwamba ni kinyago.

Umuhimu wa ustadi huo hauonekani mpaka uwekwe katika wakati wake. Mwaka 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Mnamo Oktoba damu ilimwagika Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, na chama cha KPU cha Oginga Odinga kikapigwa marufuku. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga waliojaribu kuipindua serikali walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya na kutangaza kutoka humo. Katika msukosuko uliofuata Odinga alizuiliwa nyumbani kwake. Katika miaka hiyo kuwa Mjaluo kulikuwa, machoni pa dola, kushukiwa. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1980, kutoka idhaa ya dola hiyo hiyo, sauti ya Kijaluo ilikuwa ikiingia sebuleni mwa Wakenya na kupendwa.

Hapa mhakiki mwenye shaka ana haki ya kuuliza: je, kicheko hicho hakikuwa njia ya kuidumaza jamii ile ile? Hoja hii ina uzito. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanza, Wakenya hawakuwa na kituo kingine cha televisheni, na kituo cha serikali hakikuweza kuicheka serikali. Kamĩrĩthũ ilikuwa imeonyesha bei ya kufanya hivyo: Ngaahika Ndeenda ilizuiwa mwaka 1977 na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini kabla mwaka kwisha. Kilichobaki cha kuchekwa bila hatari kilikuwa jirani na jinsi anavyotamka. Lafudhi ya kikabila ilistawi katika vichekesho vya Kenya kwa sababu, pamoja na mengine, haikumgusa mkubwa yeyote. Kundi la Redykyulass lilipoanza kumwigiza Rais Moi mwishoni mwa miaka ya 1990, ndipo ilipodhihirika ni kiasi gani cha tashtiti kilikuwa kimenyimwa kizazi kilichotangulia.

Hata hivyo, kukosa uhuru wa mada hakumaanishi kukosa maana. Katika Vitimbi, Ojwang' ni mume wa Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere, na ugomvi wao ni ule wa mzee na mkewe: fedha, wivu, heshima inayodaiwa na isiyotolewa. Wengi waliwadhania wameoana kweli. Upumbavu anaopewa Ojwang' ni wa ukongwe na wa uume unaojipiga kifua. Hapewi upumbavu wa Ujaluo. Lafudhi inamweka mahali, kama vile mavazi yanavyomweka mhusika katika tabaka, lakini haimhukumu. Hii ndiyo tofauti kati ya mhusika na kibonzo, na vichekesho vingi vya lafudhi vilivyofuata, vikiwemo vingine vya kituo hicho hicho, havikuizingatia.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kutoka upande wa hadhira, hususan ile ya Eastlands. Mowlem, ambayo leo ni wadi ya eneo bunge la Embakasi Magharibi pamoja na Umoja I, Umoja II na Kariobangi Kusini, ni mtaa wa wapangaji. Katika mitaa ya namna hiyo ukuta mmoja hutenganisha familia mbili zisizoelewana kwa lugha ya mama, na Kiswahili, chenye lafudhi zote, ndicho kinachotumika ngazini, bombani na kwa mwenye duka. Kwa mkaazi wa Mowlem, "sauri" ni namna anavyosema jirani aliyemkopesha sukari jana. Mwigizaji akikosea hapo, kosa hujulikana papo hapo, kwa maana msemaji halisi yumo chumbani. Kukubalika mbele ya hadhira ya aina hiyo ni mtihani mgumu kuliko kupigiwa makofi katika ukumbi wa watu wa kabila moja. Na mtihani huo haukuwa wa kisanaa tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika mitaa kadhaa ya Nairobi jina na lafudhi vilitosha kumfukuzisha mtu nyumbani kwake. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba kichekesho kingeweza kuyazuia hayo, hakikuyazuia.

Sifa hazikumletea mwigizaji mali. Mapema katika miaka ya 2010, macho yake yalipodhoofika, matibabu yalitegemea michango ya wananchi. Wachekeshaji wa kizazi chake walifanya kazi pasipo hakimiliki ya maana juu ya wahusika waliowaumba, na idhaa iliweza kurudia mchezo bila mwigizaji kufaidika kama mtunzi wa kitabu anavyofaidika na toleo jipya. Pengo lile lile la matini isiyochapishwa lililomnyima Wanjau mhakiki lilimnyima pia mrabaha.

Alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi. Magazeti yalipotangaza kifo chake yalitanguliza jina la Mzee Ojwang'. La Benson Wanjau likafuata, kama ufafanuzi.