Mlinganyo wa Ioni ni Hoja, Si Ufupisho

Katika madarasa mengi ya kemia, mlinganyo halisi wa ioni hufundishwa kama kazi ya kufuta. Mwanafunzi hutenganisha fomula kuwa ioni, hukata zinazojirudia pande zote mbili, kisha hunakili kilichosalia. Mara nyingi jibu hupatikana, lakini jambo la msingi hufichika: kila mlinganyo wa ioni ni dai kuhusu vitu vilivyomo ndani ya bika, na dai hilo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa vipimo. Makala hii inatetea ufundishaji unaoanzia hapo.

Myeyusho wa nitreti ya fedha ukichanganywa na wa chumvi ya kawaida, mashapo meupe hujitenga papo hapo. Mlinganyo kamili wa ioni ni:

Ag⁺(aq) + NO₃⁻(aq) + Na⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s) + Na⁺(aq) + NO₃⁻(aq)

Ioni za sodiamu na za nitreti zilikuwa huru kabla ya mmenyuko, na zimebaki huru baada yake. Tukiziondoa, tunapata mlinganyo halisi:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Mstari huu unabashiri. Unasema kwamba kloridi ya potasiamu, au hata maji ya bahari, yatatoa mashapo yaleyale. Unasema pia kwamba klorofomu haitayatoa, ingawa ina klorini, kwa sababu klorini yake imefungwa ndani ya molekuli na haielei majini kama ioni. Majaribio yanakubaliana na ubashiri wote huo.

Ugumu basi hauko kwenye kufuta, bali kwenye kuamua kipi kitenganishwe. Kaboneti ya sodiamu, sehemu kuu ya magadi, huyeyuka majini. Hivyo inapokutana na asidi hidrokloriki ya kutosha tunaandika:

CO₃²⁻(aq) + 2H⁺(aq) → H₂O(l) + CO₂(g)

Jiwe la matumbawe nalo ni kaboneti, ya kalisi, na hutoa povu lilelile. Ila haliyeyuki majini, kwa hiyo huandikwa zima:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Tukitumia siki badala ya asidi hidrokloriki, CH₃COOH nayo haitenganishwi, kwani sehemu kubwa ya molekuli zake hubaki nzima majini.

Uamuzi huu una ushahidi wa joto. Asidi kali yoyote ikizimuliwa kwa alikali kali katika myeyusho hafifu, kila moli ya maji inayoundwa huambatana na kilojuli kati ya 55 na 58, iwe asidi ni hidrokloriki au nitriki, iwe alikali ni ya sodiamu au ya potasiamu. Svante Arrhenius, aliyewasilisha tasnifu yake Uppsala mwaka 1884 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, alitupatia nadharia inayoeleza usawa huo: mmenyuko ni mmoja tu, H⁺ na OH⁻ kuunda maji. Asidi hidrosianiki, iliyo dhaifu sana, hutoa takriban kilojuli 12 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hutumika kuivunja molekuli yake kwanza. Anayeandika H⁺ mahali pa HCN anatoa dai ambalo kipimajoto kinalikataa.

Mfano wa hidroksidi ya bariamu na asidi salfuriki hafifu unaonyesha vizuri zaidi udhaifu wa kanuni ya kufuta:

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + 2H⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + 2H₂O(l)

Hapa mlinganyo kamili na mlinganyo halisi ni kitu kimoja; hakuna ioni iliyobaki pembeni. Viwango vikilingana, taa iliyounganishwa kupitia myeyusho huo hufifia karibu kuzimika, kwa kuwa salfeti ya bariamu huyeyuka chini ya miligramu 3 katika lita moja ya maji. Uhaba huohuo wa ioni ndio unaomwezesha mgonjwa kunywa salfeti hiyo kabla ya eksirei, ilhali ioni za bariamu ni sumu.

Yapo mapingamizi ya kweli. Hakuna chupa ya Ag⁺ peke yake kwenye ghala la maabara: anayehitaji moli 0.1 hupima gramu 17 za nitreti ya fedha. Ioni zilizoondolewa ndizo zinazosawazisha chaji, na myeyusho ukichujwa na kukaushwa huacha nitreti ya sodiamu. Mlinganyo wa fomula nzima kwa hiyo una kazi yake katika kupima na kuandaa. Lakini hautuambii kwa nini mmenyuko unatokea.

Ndiyo maana mlinganyo kamili wa ioni haufai kurukwa wala kuharakishwa: hapo ndipo mwanafunzi hutoa hukumu kuhusu kila dutu. Mitihani nayo itoe alama kwa hukumu hiyo. Mwanafunzi aulizwe kwa nini ameitenganisha HCl na kuiacha CH₃COOH nzima, na ni kipimo gani kingeonyesha kwamba amekosea. Atakayejibu hayo mawili ameuelewa mmenyuko, hata kama atasahau kanuni ya kufuta.