Heshima na Dawa: Historia Fupi ya Uuguzi Kibondo na Kasulu

Mwaka 2009 jarida moja la afya ya jamii la Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika wilayani Kasulu. Watafiti, wakiwamo Dkt. Godfrey Mbaruku na Margaret Kruk, waliwahoji wanawake 1,203. Kila mmoja alielezwa vituo vya kujifungulia vinavyotofautiana kwa umbali, gharama, usafiri, aina ya mhudumu, mwenendo wa mhudumu huyo, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Kisha akaulizwa angechagua kipi.

Ninapousomesha utafiti huu, huwaomba wanafunzi watabiri jibu kabla sijalitoa. Karibu wote husema umbali, na wachache husema fedha. Utabiri huo una mantiki yake. Buha ni nchi ya vilima na mabonde, barabara zake za udongo hugeuka utelezi wakati wa masika, na mama mwenye uchungu hubebwa kwa machela au kwa baiskeli. Hata hivyo, wanawake wa Kasulu walijibu vingine. Mambo mawili yaliyopita yote kwa uzito yalikuwa mhudumu mwenye heshima, na kituo chenye dawa na vifaa. Umbali haukufua dafu mbele ya hayo mawili.

Siku hizi wataalamu wana jina la jambo hilo: huduma inayomzingatia mtu, yaani huduma inayoanza na mgonjwa kama binadamu mwenye jina, lugha, aibu na matakwa yake, badala ya kuanza na ugonjwa alionao. Jina hilo limekuja na semina na mabango, na watumishi wengi wa umma wanalidhania kuwa ni jambo jipya lililoletwa na wafadhili. Kwa maoni yangu jibu la wanawake wale lina historia ndefu, na bila historia hiyo hatuwezi kuelewa kwa nini walitaja heshima na dawa kwa pamoja.

Watu wa Kibondo na Kasulu wanajua kukusanywa. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja, kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Fikra iliyoongoza kazi hiyo, ambayo mtetezi wake mkubwa katika Tanganyika alikuwa Dkt. George Maclean, ilikuwa rahisi kueleza: watu wakae karibu karibu, wafyeke pori, mbung'o akose kivuli, na mgonjwa apatikane mapema. Dawa zilikuwapo, nazo zilikuwa kali. Moja ilikuwa Bayer 205, iliyogunduliwa Ujerumani. Nyingine ilikuwa tryparsamide, yenye asili ya aseniki, ambayo iliweza kumponya mgonjwa na kumharibu macho kwa wakati mmoja. Ili kujua ugonjwa umefika wapi mwilini, ilibidi sindano iingizwe mgongoni na maji ya uti wa mgongo yatolewe.

Sitaki kuisimulia habari hii kama uovu mtupu. Malale ya Afrika Mashariki humuua mgonjwa asiyetibiwa katika muda wa miezi, na wapo walioishi kwa sababu ya sindano zile. Lakini tazama namna mtu alivyoingia katika huduma hiyo. Aliingia kama mwili wa kuchunguzwa, ndani ya makazi ambayo hakuyachagua, kwa amri ambayo hakuitoa. Shamba lake la zamani lilimezwa na pori. Makaburi ya wazee wake yalibaki huko. Hayo yote hayakuwa na nafasi katika kadi ya matibabu.

Aliyekuwa katikati ya serikali na mgonjwa alikuwa dresa. Hawa walikuwa vijana wa Kiafrika waliofunzwa kwa muda mfupi na kuwekwa katika zahanati ndogo za serikali za wenyeji tangu miaka ya 1920. Dresa alisafisha vidonda, alifunga bendeji, na alijua Kiha. Wanahistoria wa tiba humtaja kwa sentensi moja au mbili, na hilo ni pengo, kwa sababu yeye ndiye babu wa uuguzi wa vijijini. Alikuwa na mabwana wawili: daftari la serikali, na jirani yake aliyeketi mbele yake akiwa na kidonda. Kila muuguzi wa zahanati aliyemfuata amerithi hali hiyo hiyo.

Hospitali za misheni zilifuata, Kabanga kwa Wakatoliki na Heri kwa Waadventista, nazo zilikuwa na sura yake nyingine ambayo inastahili makala yake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakakusanywa tena, safari hii katika vijiji vya maendeleo, kwa ahadi ya shule, maji na zahanati. Zahanati nyingi zilijengwa kweli. Dawa ndizo zilizokuwa na tabia ya kuchelewa, hasa uchumi ulipoanguka mwishoni mwa muongo huo.

Mkusanyiko wa tatu haukuwa wa Waha wenyewe. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa malaki wakavuka mpaka. Kambi zikafunguliwa Kibondo, zikiwamo Kanembwa, Mtendeli na Nduta; Kasulu ikapokea Mtabila na Muyovosi, na mwaka 1996, vita vilipowafukuza watu wa Kivu Kusini, ikapokea Nyarugusu. Mwaka huo huo wa 1993 serikali yetu ilianza kuwatoza wananchi ada katika hospitali za umma chini ya sera ya kuchangia gharama. Hivyo mwanakijiji wa Kibondo alijikuta akitakiwa kulipia tiba hospitalini, wakati ndani ya kambi, nyuma ya kilima, mgeni alitibiwa bure. Wengi walikwenda kutibiwa kambini, na kwa kawaida hawakufukuzwa. Na ni katika miaka hiyo ndipo lugha ya ofisi zetu ilipoanza kumwita mgonjwa "mteja". Neno hilo lilikusudiwa kumpa hadhi. Mimi hulisikia likinuka risiti.

Kambi ilikuwa na kila sababu ya kumsahau mtu. Mkimbizi alikuwa namba katika kadi ya mgao wa chakula. Lakini katika kambi hizo hizo za Kibondo ndipo lilipofanyika jambo ambalo napenda kila mwanafunzi wa uuguzi alijue. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la International Rescue Committee liliwauliza wanawake wa Kanembwa kuhusu ukatili wa kingono. Takriban robo ya waliohojiwa walisema wamefanyiwa ukatili huo tangu wawe wakimbizi. Kabla ya hapo hawakuwa wakijitokeza hospitalini, na ni rahisi kuelewa sababu. Mwanamke anayekwenda peke yake kwenye dirisha la malalamiko, mbele ya foleni, amekwisha kujitangaza.

Suluhisho lilikuwa la ujenzi zaidi ya tiba. Kituo cha kuwapokea kiliwekwa karibu na wodi ya wazazi, kikawa wazi usiku na mchana, na waliokaa humo kuwasikiliza walikuwa wanawake wakimbizi wenyewe waliofunzwa kazi hiyo. Mwanamke yeyote ana sababu ya kuonekana akielekea wodi ya wazazi. Jirani aliyemwona njiani hakuweza kujua alikokuwa akienda. Mlango uliwekwa mahali ambapo aibu ya mgonjwa ilikuwa imefikiriwa kwanza, na wanawake wakaanza kuja.

Waliowasikiliza walizungumza Kirundi, na hapa kuna jambo ambalo mipango yetu ya ajira hailipi uzito wake. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Mtu wa Kibondo na mtu wa Ruyigi huelewana bila mkalimani. Muuguzi aliyezaliwa Kasulu anaweza kumuuliza mkimbizi wa Burundi, "maumivu yalianza lini?" na kupata jibu lenye kona zake zote. Muuguzi aliyepangiwa kazi kutoka Moshi au Mtwara, hata awe hodari namna gani, atamhitaji mtu wa kati. Mtu huyo wa kati mara nyingi ni jirani wa mgonjwa, au mtoto wake. Ni mama gani atasema mbele ya mwanawe kilichompata? Nyarugusu mambo ni mepesi kidogo kwa Wakongo, kwa kuwa wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, ingawa Kiswahili cha Fizi na Uvira kina maneno yanayomfanya muuguzi wa Kitanzania aulize mara mbili.

Mpaka hapa nimemsema sana mgonjwa. Kuna sura moja inayopendwa sana katika mazungumzo yetu ya barazani: nesi mkali, anayefoka, anayesema "hukuniita wakati unaitafuta hiyo mimba". Yupo, na wanawake hawakumbuni. Utafiti uliofanyika baadaye mkoani Tanga, Dkt. Mbaruku akishiriki tena, ulithibitisha kwamba matusi na dharau katika wodi za wazazi si hadithi. Ila tumtazame naye anaposimama. Usiku yuko peke yake na wazazi watatu. Anatakiwa kujaza patografu na vitabu vya MTUHA. Dawa ya kuzuia damu imekwisha, na anajua kwamba ikitokea damu nyingi, lawama itakuwa yake. Mtu aliyewekwa mahali pa kushindwa hujenga ukuta, na foko ni ukuta wa bei rahisi kuliko zote. Ndiyo maana nasema wanawake wa Kasulu hawakutoa majibu mawili. Pasipo na dawa, heshima haidumu mpaka alfajiri.

Dkt. Mbaruku alilijua hilo mapema. Kati ya 1984 na 1991, akiwa katika hospitali ya mkoa pale Kigoma mjini, yeye na wenzake walitekeleza hatua 22, nyingi za gharama ndogo, zikigusa vifaa, damu, mafunzo na nidhamu ya kazi. Vifo vya wazazi katika hospitali hiyo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Miaka hiyo ilikuwa miaka ya njaa ya fedha serikalini.

Kati ya 2016 na 2018 asasi ya Thamini Uhai, ikishirikiana na serikali, ilijaribu katika vituo tisa vya umma mkoani Kigoma jambo ambalo bibi zetu wangelishangaa kuitwa jaribio: mama anayejifungua aruhusiwe kuwa na msindikizaji aliyemchagua, awe mama yake, dada au wifi. Hofu katika vituo vya aina hiyo inajulikana: wodi ni ya wazi, vitanda vimepangana, ndugu watajaza nafasi na kuona wasiyopaswa kuyaona. Akina mama waliosindikizwa waliridhika zaidi na huduma, na wahudumu wenyewe wakasema msindikizaji ni msaada. Anamsugua mgongo, anamnywesha chai, anamwita muuguzi mambo yanapobadilika.

Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, Mtabila ilikwisha kufungwa mwaka 2012, na mradi wa wasindikizaji ulikuwa na tarehe yake ya mwisho kama miradi yote. Mwanaharakati mmoja kijana aliniuliza atajuaje kama halmashauri yake imewasikia wale wanawake 1,203. Nilimwambia asianze na hotuba za Siku ya Wauguzi. Aombe bajeti, atafute fungu la dawa za wazazi, nyumba za watumishi na mapazia ya wodi, kisha aulize zamu ya usiku imepangiwa wauguzi wangapi, na kati yao wangapi wanajua Kiha.