Nani Kalitikisa Daraja?

Bondeni kwetu Kinyerezi tuna kidaraja cha mbao zilizopigiliwa juu ya vyuma viwili virefu. Mchana wanafunzi wakitoka shule, wakifika katikati huanza kuruka. Wameshakijua: ukiruka ovyo hakikujali, lakini ukikipatia mapigo yake, kama anayesukuma bembea, kinakurusha. Juzi mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani aliwakaripia: "Nyie watoto, mnataka kuniua na biashara yangu?" Wakampa shikamoo, wakakimbia wakicheka.

Mchezo huo askari 74 wa Uingereza waliucheza tarehe 12 Aprili 1831, karibu na Manchester. Walikuwa wakirudi kambini, wakavuka daraja la Broughton, lililoning'inizwa kwa minyororo. Walipoona linacheza na hatua zao, wakapiga miluzi na kuzidisha kukanyaga. Bolti ikakatika, arobaini hivi wakatumbukia mtoni. Hakufa mtu. Jeshi likaamuru askari waache kwata wakifika darajani, na kibao chenye amri hiyo kipo hadi leo kwenye Daraja la Albert, London.

Kisa hicho kimesimuliwa mno, mpaka tukaamini kwamba daraja linaogopa gwaride tu.

Tarehe 10 Juni 2000 London ilifungua Daraja la Milenia, la waenda kwa miguu, juu ya Mto Thames. Siku hiyo hapakuwa na kwata: walikuwa raia, wengine na watoto, kila mtu na mwendo wake. Daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia, watu wakashika vyuma vya pembeni. Tarehe 12 likafungwa.

Wahandisi walishazoea kuhesabu uzito unaoshuka, hatua mbili hivi kwa sekunde. Walichokidharau ni msukumo wa pembeni. Mguu wa kushoto unasukuma huku, wa kulia kule, kwa hiyo mzunguko mzima ni mmoja kwa sekunde, na daraja hilo jembamba lilikuwa na myumbo wa karibu na hapo. Tena sakafu ikicheza, mtu hupanua miguu asianguke, kama abiria aliyesimama kwenye daladala, na kila anapojiweka sawa analisukuma zaidi. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa si lazima hata hatua za watu zilingane; kule kujizuia kuanguka kunatosha.

Kinachoudhi ni kwamba Wajapani walishaandika. Mwaka 1993 Yozo Fujino na wenzake walichapisha habari za daraja la Toda, lililokuwa likiyumba vivyo hivyo watu wakifurika kutoka kwenye mashindano ya boti. Waliosoma walikuwa wachache.

Wahandisi wa London wakawapitisha watu darajani kwa majaribio, wakiwaongeza kidogo kidogo. Walipokuwa 156, daraja lilitulia. Walipofika 166, likaanza kuyumba kwa nguvu. Watu kumi tu! Dawa yake ikawa shokapu 37, ndugu wa zile za gari, na vyuma vizito zaidi ya 50 vilivyowekwa juu ya springi ili vicheze badala ya daraja. Likafunguliwa tena Februari 2002, baada ya pauni milioni 5 hivi.

Yule mama wa samaki hakuwa na shokapu. Alisimama tuli katikati, mkono kwenye ndoo, mpaka mbao zilipoacha kucheza, ndipo akainua mguu.