Kiti cha Zanzibar katika Baraza la Walimwengu

Yeyote atakaye kujua jinsi nchi ndogo inavyoweza kuingia katika baraza la mataifa na kutoka humo pasi na kufukuzwa wala kujiuzulu, na aitazame tarehe ya Unguja na Pemba tangu Desemba 1963. Siku ya 10 ya mwezi huo visiwa hivyo vilipata uhuru mbele ya Philip, mume wa Malkia Elizabeth, ambaye hakukawia kuelekea Nairobi, kwani Kenya nayo ilikuwa ikingojea zamu yake ya tarehe 12. Na ilipofika tarehe 16 nchi hizo mbili zikapokewa pamoja katika Umoja wa Mataifa, idadi ya wanachama ikatimia 113. Bendera ya Zanzibar ya siku hizo ilikuwa nyekundu, na katikati yake duara la kijani lililotiwa karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Ndivyo nchi ilivyojitambulisha kwa walimwengu, kwa zao lililolisha hazina yake, ambalo bei yake, kwa masikitiko, haikukatwa Mkunazini wala Wete, bali na wanunuzi wa mbali, Waindonesia wakiwa mbele.

Serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu wake Mohammed Shamte haikutimiza hata mwezi mmoja katika kiti hicho, kwa kuwa Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa. Walakini kiti chenyewe hakikuondoka pamoja na Sultani, maana mataifa yanapoandikishana huiandika dola, wala hayamwandiki anayeitawala. Kwa muda mfupi mji wa Unguja ukawa na shughuli za kibalozi zisizolingana na ukubwa wake, hata Ujerumani ya Mashariki, ambayo dola nyingi zilikataa kuitambua, ikafungua ubalozi wake huko.

Kisha, tarehe 22 Aprili, Julius Nyerere na Abeid Amani Karume wakazitia sahihi Hati za Muungano, nazo zikaanza kutumika tarehe 26. Katika mambo 11 yaliyokabidhiwa serikali ya Muungano, mambo ya nchi za nje yaliandikwa la pili, mara tu baada ya katiba na serikali yenyewe. Na mwezi Mei Katibu Mkuu U Thant akaarifiwa kwamba Tanganyika, mwanachama tangu 14 Desemba 1961, na Zanzibar, ambayo uanachama wake ulidumu miezi minne na siku kumi, zimekuwa mwanachama mmoja. Idadi ikarudi 112. Balozi za Unguja zikashushwa daraja, na suala la Wajerumani wa Mashariki likahamia Dar es Salaam, ambako mwaka 1965 lilizusha mtafaruku na Ujerumani ya Magharibi, hata Nyerere akaukataa msaada wake.

Lililozikwa mwaka 1964 lilifufuka Desemba 1992, wakati Zanzibar, chini ya Rais Salmin Amour, ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Watetezi wake walisema kwamba visiwa vinahitaji mikopo na biashara; wapinzani wakajibu kwamba ni dola pekee iwezayo kuwa mwanachama, na dola ni Jamhuri ya Muungano. Kwa rai yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini ya pili ndiyo iliyokuwa na maandishi nyuma yake. Zanzibar ikajitoa Agosti 1993, na hapo tayari wabunge hamsini na watano walikwisha kudai serikali ya Tanganyika, jambo lililomghadhibisha Nyerere hata akaliandikia kitabu.

Mpira nao haukusalimika: Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliipokea Zanzibar mjini Addis Ababa iwe mwanachama wa 55, na Julai mwaka huo huo, mjini Rabat, likaufuta uanachama huo kwa hoja ileile, kwamba Zanzibar si dola.

Hati za 1964 zilisema ni nani mwenye mambo ya nje, lakini hazikubainisha ni jumuiya zipi za biashara, za elimu na za michezo ambazo Zanzibar inaweza kuingia kwa jina lake. Watakaokaa tena kuiandika katiba ya Jamhuri hii na wazitaje jumuiya hizo kwa maandishi.