Mabruk wa Marangu na Mahjub wa Berlin

Himo ni njia panda kwelikweli. Barabara moja inapanda Marangu na kuendelea hadi Rombo, nyingine inakwenda Holili na Taveta, ya tatu Moshi, ya nne inashuka Mwanga na Same kuelekea pwani. Usharika wa mji kama huu huwa na Wachaga wa Vunjo, Wapare, Wakamba, na wale ambao mama ni Mtaveta na baba alikuwa dereva wa lori aliyepita. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kabila lake, anakutazama kwanza ajue wewe ni nani, ndipo anajibu. Siku nyingine ni Mpare, siku nyingine ni Mkenya, siku ya uchaguzi ni Mtanzania tu.

Huwa tunamwona kama mtu asiye na msimamo. Lakini hata sisi tunaojiita Wachaga, jina hilo halikuwa jina la babu zetu. Wao walikuwa watu wa Kilema, wa Marangu, wa Mamba, kila mmoja chini ya mangi wake, na mara nyingi walipigana. Kujiona watu wamoja ni jambo lililokua wakati wa ukoloni, hata tukawa na Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, aliyetawazwa mwaka 1952. Basi tusimcheke mtu wa njia panda.

Tunataka kusimulia habari za watu wa namna hii ambao historia imewaweka pembeni. Habari yenyewe inaanzia hapo juu tu, mwendo mfupi wa daladala kutoka stendi yetu.

Mwaka 1891 Carl Peters, kamishna wa serikali ya Ujerumani, aliweka kituo chake Marangu. Alikuwa na watumishi, na mmoja wao, kijana, aliitwa Mabruk. Alikuwa pia na wanawake aliowaweka kituoni, na mmoja wao jina lake Wajerumani waliliandika Jagodja, kwa jinsi masikio yao yalivyolisikia. Mabruk alishtakiwa kwa wizi. Wengi waliamini kosa lake hasa lilikuwa kulala na mwanamke wa bwana mkubwa. Peters akamnyonga. Jagodja alikimbilia kwa mangi jirani, akarudishwa, akachapwa viboko, na mwanzoni mwa mwaka 1892 naye akanyongwa. Mabruk ni jina la pwani, jina ambalo mabwana waliwapa watumwa wengi. Huku mlimani hakuwa na ukoo wala kihamba. Hakuwa na mzee wa kumwombea.

Mwaka 1896 mbunge August Bebel alilipeleka jambo hilo mbele ya Bunge la Ujerumani, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi ya serikali. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894, yaani wakati mambo ya Marangu yalikuwa bado mabichi. Sisi Walutheri wa mlima huu ni watoto wa kazi yao, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Hata hivyo, tumehudhuria jubilii nyingi, tumesikia majina ya wamisionari yakisomwa na ya mamangi waliowapokea, wala hatujasikia hata mara moja jina la Mabruk au la Jagodja likitajwa kwenye ibada.

Miaka ikapita. Hitler alipotawala alimsafisha Peters kwa amri mwaka 1937, akamfanya shujaa, na mwaka 1941 ikatoka filamu iliyoitwa kwa jina lake, mwigizaji mkuu akiwa Hans Albers, nyota mkubwa wa wakati huo. Katika filamu ile Peters ni mzalendo aliyeonewa na wabunge. Watu weusi walihitajika ili ionekane ni Afrika, na baadhi yao walitolewa katika kambi za wafungwa wa vita. Lakini Ramasan, kiongozi wa msafara na mtumishi mwaminifu wa Peters, aliigizwa na mtu wa kwetu, mzaliwa wa Dar es Salaam.

Alizaliwa mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani mwenye asili ya Sudani. Vita vilipoanza mwaka 1914, mtoto wa miaka kumi akaenda vitani na baba yake. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa askari ambao haukulipwa. Hakupewa. Akabaki huko, sasa akijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, alifundisha Kiswahili chuoni, akamwoa mwanamke Mjerumani siku tatu kabla Hitler hajashika madaraka. Aliomba nishani ya askari wa vita, akanyimwa. Akaivaa hivyo hivyo. Alitaka kuhesabiwa Mjerumani, nao Wajerumani walimtaka awe Mwafrika wa kwenye sinema tu, wa kubeba sinia na kusema ndiyo bwana.

Wapo wanaosema alikuwa kibaraka. Inauma, maana aliwavalia watesi sare yao na kucheza mtumishi mwema wa mtu aliyewanyonga watumishi. Sisi hatuwezi kumhukumu haraka hivyo. Mtu akiwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, ataingia kwa kuinama. Mwaka huo huo wa filamu alikamatwa na Gestapo kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Alikuwa Mwislamu, nasi tunamtaja katika kitabu cha kanisa bila kusita.

Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika riwaya yake Afterlives ana mtu aitwaye Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani utotoni, akawapenda, akawafuata hadi kwao na kufia katika kambi hiyo hiyo. Dada yake anabaki pwani akimngoja miaka yote. Tunapenda kwamba mwandishi alimpa dada. Filamu ya mwaka 1941 haikumpa Ramasan hata mama.

Turudi kwenye Biblia kidogo. Katika Mwanzo sura ya 16, Sarai na Abramu wanazungumza juu ya Hajiri, na wote wawili wanamwita mjakazi tu. Anayemwita kwa jina lake kwanza ni malaika, kule jangwani, akiwa mtoro kama Jagodja. Jina kwanza, ndipo swali: umetoka wapi?

Sisi tuliwahi kulipindua. Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye msiba wa mama aliyekuwa akiuza chai stendi. Tulipofika tuliwauliza wenzake, hata kabla ya kuketi, "Alikuwa mtu wa wapi?" Tulikuwa tunawaza kaburi, maana mtu wa huku huzikwa kihambani kwake, naye hakuwa na kihamba. Mmoja akasema Mpare, mwingine Mtaveta. Mzee wa kanisa akauliza kama alikuwa msharika. Kijana mmoja muuza maji akatuambia, kwa heshima lakini bila kutabasamu, "Mchungaji, hujauliza anaitwa nani."

Tulimzika katika makaburi ya mji. Ndugu zake walifika kesho yake kutoka ng'ambo ya mpaka, nao walimjua kwa jina jingine kabisa. Fundi alikuwa ameshaandika msalaba. Alilalamika kwamba ubao ni mfupi, kisha akaandika na la pili chini yake kwa herufi ndogo.