Kuimba Mchezo Bila Kuucheza

Katika parokia nyingi, Noeli au Pasaka inapokaribia, wanakwaya huulizana: habari ya Bwana wetu tuicheze kwa mavazi na vitendo, au tusimame tu na kuiimba? Na tukiiimba tu, nani apewe sauti ya Bikira Maria, nani ya Petro, nani ya Pilato? Mara nyingine maulizo hayo huleta ugomvi. Lakini si mapya. Yana umri wa zaidi ya miaka 400, nao waliotutangulia walijifunza mengi kwa ajili yake. Tutazame basi walivyofanya.

Tuanze Roma. Mtakatifu Filipo Neri (1515-1595) alikuwa akiwakusanya watu, matajiri kwa maskini, wasali pamoja, wasikie mahubiri na kuimba nyimbo za kumsifu Mungu. Nyumba ya sala kwa Kilatini huitwa oratorium. Ndiyo sababu hata leo wimbo mrefu wenye kusimulia habari takatifu huitwa oratorio. Mwezi wa Februari 1600, miaka mitano baada ya kifo chake, Emilio de' Cavalieri alionyesha katika nyumba ile mchezo ulioimbwa toka mwanzo hata mwisho, juu ya Roho na Mwili. Huo ulichezwa hasa, kwa mavazi na vitendo. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka uleule, pamoja na mashauri mema: watu wasizidi 1000 nyumbani, ili waimbaji wasilazimike kupaza sauti kupita kiasi, wenye vinanda wakae nyuma ya mapazia, mwimbaji awe na sauti nzuri, na maneno yake yasikike wazi.

Baadaye, katika nyumba za sala za Roma, mavazi na vitendo viliachwa. Padri Giacomo Carissimi, aliyekufa mwaka 1674, alitunga oratorio nyingi ambamo yumo msimulizi. Yeye huwaambia watu kwa wimbo mambo wasiyoyaona kwa macho: vita imeanza, binti ametoka nyumbani kumlaki baba yake. Kumbe, neno likisimuliwa vizuri, msikilizaji hujichorea picha mwenyewe moyoni.

Lakini mchezo ukiisha kuvuliwa nguo zake, hubaki sauti na mtu mwenye kuitoa. Hapo kumchagua mtu kukawa jambo kubwa kuliko kwanza. Siku ya Pasaka ya mwaka 1708, Georg Friedrich Haendel, Mjerumani kijana wa miaka 23, aliimbisha oratorio yake juu ya Ufufuko katika jumba la mtemi Ruspoli, palepale Roma. Hapakuwa na vitendo, ila nyuma ya waimbaji palitundikwa picha kubwa. Sauti ya Maria Magdalena alipewa mwanamke, Margherita Durastanti. Siku zile wanawake walikatazwa kuimba mbele ya watu katika michezo ya Roma. Papa Klementi XI akamkaripia Ruspoli, na kesho yake sehemu ile ikaimbwa na mwanamume mwenye sauti ya juu. Leo hatuna katazo hilo. Lakini tazameni: hata pasipo vitendo, watu waliona kwamba anayeimba si kinanda tu, ni mtu, na watu humtazama.

Haendel akahamia Uingereza. Mwaka 1732, huko London, watoto wa kikanisa cha mfalme walicheza oratorio yake ya Esta mbele ya watu wachache. Ilipotakiwa kupelekwa katika nyumba kubwa ya michezo, inasimuliwa kwamba Edmund Gibson, askofu wa Kianglikana aliyesimamia kikanisa kile, aliwakataza watoto wasicheze humo. Haendel hakuvunjika moyo. Mwezi wa Mei akatangaza kwamba Esta itaimbwa bila kuchezwa, na waimbaji watapangwa kama walivyopangwa siku ya kutawazwa kwa mfalme. Hivi katazo lilizaa desturi mpya katika nchi ile. Lakini palikuwa na kasoro. Aliwachagua Waitalia wenye sauti za ajabu, kama Senesino na Anna Strada, na Kiingereza chao kilichekwa. Katika mchezo wenye vitendo, mkono huweza kusaidia ulimi. Katika kuimba tu, neno lisiposikika, habari yote imepotea.

Miaka kumi baadaye alichagua kwa namna nyingine. Tarehe 13 Aprili 1742, mjini Dublin katika Irlandi, iliimbwa mara ya kwanza oratorio yake Masiya. Watu walikuwa karibu 700. Ili wapate nafasi, wanawake waliombwa wasivae sketi zilizotanuliwa kwa pete, na wanaume waache panga zao nyumbani. Maneno ya mateso ya Bwana wetu alipewa Susannah Cibber. Huyu alikuwa mcheza michezo, na sauti yake ilikuwa ndogo. Tena jina lake lilikuwa limechafuliwa, kwa maana miaka michache kabla mambo ya ndoa yake yalipelekwa barazani na kutangazwa kila mahali. Lakini alijua kulitamka neno hata likawaingia watu moyoni. Inasimuliwa kwamba mchungaji mmoja wa Kianglikana, akimsikiliza, alisema kwa sauti kwamba kwa wimbo ule asamehewe dhambi zake zote. Sisi twajua kwamba ondoleo la dhambi halipatikani kwa wimbo. Hata hivyo twafahamu kilichomgusa: mateso ya Mkombozi yaliimbwa na mtu aliyejua aibu ni nini. Na fedha zilizopatikana ziligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. 142 kati yao wakafunguliwa.

Desturi hiyo haikubaki kwa habari takatifu tu. Siku hizi hata michezo ya kuimba ya nyumba za michezo huimbwa hivyo. Mfano ni Les Misérables, uliotokana na kitabu cha Victor Hugo cha mwaka 1862. Ulianza kuonyeshwa London tarehe 8 Oktoba 1985. Miaka kumi baadaye, siku ileile, ukaimbwa katika jumba la Royal Albert Hall. Waimbaji walivaa mavazi ya mchezo, lakini walisimama mbele ya vipaza sauti, orkesta nyuma yao. Mwishoni wakaingia watu 17 kutoka nchi 17, wote walikuwa wamemwimba Jean Valjean, mfungwa aliyeongoka, kila mmoja kwa lugha yake. Siku ile Lea Salonga, mzaliwa wa Filipino, aliimba Éponine, msichana maskini wa Paris. Mwaka 2010, katika sherehe ya miaka 25, aliimba Fantine, na Javert, askari Mfaransa, akaimbwa na Norm Lewis, Mwamerika mweusi. Mbele ya kipaza sauti hakuna aliyehitaji kufanana na Wafaransa wa zamani. Ilitosha kuiimba kweli ya moyo wao.

Katika mchezo huo yumo askofu anayempa Valjean vinara vya fedha badala ya kumrudisha gerezani. Maneno yake ni machache sana, lakini yasipoimbwa vema, wongofu wote unaofuata hauna mzizi.

Basi, viongozi wa kwaya, mnapogawa sauti, msitazame kwanza nani ana sura nzuri, wala nani anapiga ukelele kuliko wenzake, wala nani ni ndugu wa mwenyekiti. Ulizeni nani analifahamu neno na nani atalifikisha kwa mama mzee aliyekaa nyuma kabisa. Naye aliyepewa maneno mawili asinung'unike; huenda ndiyo maneno mawili yatakayomrudisha mtu kwa Mungu.