Uzi, Gundi na Kalibu

Sisi wakazi wa Mwigobero tumezoea kelele za nyundo za mafundi wa mitumbwi. Tangu zamani fundi huziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, kazi iitwayo kukalafati. Lakini siku moja nilimkuta fundi akitandaza kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo juu ya ubavu wa mtumbwi, akikilowesha kwa rezini, tabaka juu ya tabaka. Mjukuu wangu, aliyekuwa pamoja nami, akasema: "Babu, bodi za magari ya mashindano hutengenezwa hivi hivi, ila wao hutumia nyuzi za kaboni. Mimi nataka kulitengeneza langu nyumbani."

Nilicheka. Baadaye cheko hilo lilinisuta, kama nitakavyoeleza.

Ndugu msomaji, kaboni ni ndugu wa mkaa. Mwaka 1879 Thomas Edison, kule Marekani, aliuunguza uzi wa pamba bila kuuacha uwe majivu, akapata utambi wa taa ya umeme. Sisi watu wa Mara tumelima pamba miaka mingi, lakini hilo hatukuambiwa. Nyuzi za kaboni zenye nguvu zilifuata baadaye: Roger Bacon alizipata Marekani mwaka 1958, na Akio Shindo wa Japani akapata njia nyingine mwaka 1961. Siri yake mchoma mkaa anaijua. Yeye hufukia magogo kwa udongo ili hewa isiingie. Kiwandani nyuzi hupitishwa katika joto la zaidi ya nyuzijoto 1,000 pasipo oksijeni.

Mwaka 1981 timu ya McLaren ilileta katika mashindano ya Formula 1 gari lililosanifiwa na John Barnard, ambalo kiini chake kilijengwa kwa nyuzi hizo. Wapo waliohofia kwamba likigonga litasagika. Mwaka huohuo, huko Monza, Italia, John Watson aligonga kizuizi cha kando ya njia kwa kishindo hata injini ikang'oka. Akatoka ndani akitembea kwa miguu yake.

Jirani zetu nao wameingia katika kazi ya namna hii. Mwezi Novemba 2011, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Bodi yake ilikuwa ya nyuzi za kioo, ambazo bei yake ni nafuu kuliko kaboni, na hatua za kazi hazitofautiani sana.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza fundi huchonga mfano wa kipande anachotaka, akaupiga msasa mpaka uteleze. Huupaka nta, kisha hujenga kalibu juu yake. Kalibu ikikauka huibandua, akaipaka nta nayo, ndipo hutandaza ndani yake kitambaa cheusi cha kaboni kilicholoweshwa rezini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha. Tabaka hupishanishwa, kwa kuwa uzi una nguvu upande ule tu unakolala. Mwisho hufunika yote kwa mfuko wa plastiki na kuinyonya hewa kwa pampu, rezini ibanwe vizuri. Kipande kinachotoka huwa na uzito wa karibu sehemu moja ya tano ya chuma cha ukubwa huohuo. Tahadhari zipo: rezini nyingi katika chombo kimoja hujipasha moto hata ikafuka moshi, na vumbi la msasa halifai kuingia mapafuni.

Niliposomewa hatua hizi na mjukuu wangu, nilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeziona kabla.

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Mvulana wa darasa la sita alifinyanga gari la udongo, akalipaka majivu lisigande, akabandika vipande vya gazeti kwa uji wa muhogo, tabaka moja hivi, nyingine vile. Lilipokauka alilibandua, akaliweka juu ya fremu ya waya. Lilikuwa jepesi na gumu. Mimi niliona jambo moja tu: alikuwa amekosa zamu ya palizi katika shamba la shule. Nilimchapa, na gari nikalikanyaga mbele ya gwaride.

Ofisini mwangu kulikuwa na kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, alichokitoa mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, si mbali na hapa. Chuoni nilikuwa nimekikariri. Lakini kujitegemea kulipokuja mbele yangu kumebebwa mikononi mwa mtoto, sikukutambua. Mvulana yule alimaliza darasa la saba akaondoka, wala sijui aliko. Kama atasoma kurasa hizi, naomba anisamehe.

Mjukuu wangu nimempa ua wa nyuma. Hatujafika kwenye gari, wala kaboni hatuna. Ameanza na madigadi ya pikipiki kwa nyuzi za kioo. La kwanza liligandana na kalibu kwa sababu alipaka nta kidogo, likapasuka. Alinitazama akisubiri maneno yangu.

Nikachukua karatasi ya msasa, nikakaa chini, nikaanza kuusugua upya ule mfano.